Uji wa Chupa

Jumatatu, 6 Oktoba

Tumekata chupa za plastiki tena tangu asubuhi. Mgongo umekataa. Nafula, mjukuu wangu, anazipika kwenye nusu pipa nyuma ya jikoni pamoja na dawa aliyonunua mjini Tororo, kisha anatia mafuta ya soya. Inatoka rezini, gundi nzito ya kutengenezea rangi ya mitumbwi. Mimi naiita uji. Wa kwanza ulikauka mgumu mno. Mbao zilipovimba majini, rangi ikapasuka. Akaongeza mafuta. Wa pili ukakataa kukauka, nzi wakanasa. Mwenye mitumbwi kule Majanji amesema mara hii ndiyo ya mwisho. Mtoto hapati usingizi. Namhurumia mpaka nakasirika.

Jumatano, 8 Oktoba

Auma jirani amezidiwa. Nimempelekea uji wa wimbi. Kaonja kijiko kimoja, kaniambia nanuka kama lori bovu. Tukacheka. Shule sikuikanyaga, huyu ndiye aliyenifundisha herufi, kwa kijiti mchangani. Sitaki afe. Basi.

Alhamisi, 9 Oktoba

Sina nguvu hata ya kuvua viatu.

Nafula alinipa mwiko akakimbilia mjini, mafuta yalipungua. "Kukhu, bibi yangu, usiache kukoroga. Ukiacha inashika chini, pipa lote linakuwa jiwe."

Punde, kilio kwa Auma. Kwetu mwanamke akisikia kilio anatupa alichoshika, anakwenda. Kulitoa pipa motoni peke yangu siwezi. Miguu inataka kwenda, mikono inakoroga. Nikalia hapo hapo. Kwa sauti yote. Naomboleza, nakoroga.

Waliokuwa wakienda msibani wakanisikia, wakakata kona kuja kwangu. Walidhani Nafula ndiye amekufa! Wanawake wakajaa uani, mikono kichwani, kumbe ni bibi kizee na pipa. Nekesa, wifi yake Auma, akanifokea, "We mama, nani amekufa hapa, chupa?"

Nikamwambia shika mwiko au nyamaza.

Akashika. Machozi yanamtoka. "Nenda kwa mwenzako. Lakini hii kitu ikiniunguza nyusi, utanichorea zingine kwa mkaa."

Nikaenda mbio. Mkono wa Auma ulikuwa bado na joto.

Nafula aliporudi alikuta waombolezaji wanapokezana mwiko. Akatia mafuta, akaendelea kupika. Jioni akadondosha tone kwenye kioo, akalivuta kwa kidole. Likatoa uzi. Ndiyo dalili ya kuiva.

Jumamosi, 11 Oktoba

Tumemzika. Nina hasira naye, ameniacha na nani. Nafula amepaka rangi ubao mwembamba wa majaribio. Ukishakauka atautia majini. Hali chakula. Nimemlisha kwa mkono kama mtoto, akaniacha nimlishe.

Ijumaa, 17 Oktoba

Ubao bado majini. Nimekatazwa kuugusa. Nimeugusa.

Jumapili, 19 Oktoba

Ubao umetoka. Haukupasuka. Haunati. Mwenye mitumbwi alikuja mwenyewe, akaukwaruza kwa ukucha, akaupinda, akaukwaruza tena. "Leteni." Neno moja tu. Nafula akaenda nyuma ya jikoni akalia. Nikamwacha.

Baada ya kanisa tulipaka msalaba wa Auma kwa rangi ile ile. Bluu ya mitumbwi. Nafula alitaka kuandika jina, ana mkono mzuri. Nikamnyang'anya brashi. Herufi nne, nyeupe. Ya mwisho imeteremka kidogo. Tulikaa hapo mpaka ikakauka.