Kikapu cha Jenista Darasani

Ihanda,
7 Julai 2024

Tumpale mwanangu,

Hapana. Mimi nimekataa, na Yesaya huyu hapa ni shahidi, nimekataa kabla hata hajamaliza kunisomea barua yako. Uache chaki uende Tunduma kuuza vitenge na rafiki yako Pili, eti sababu watoto hawajui kuandika? Wangekuwa wanajua, serikali ingekupeleka huko Kamsamba ukafanye nini?

Haya, nimeruka salamu. Hujambo? Joto la huko halijakumaliza? Mimi mguu wa kushoto unauma ukijisikia, wa kulia umetulia. Mbuzi amezaa, mmoja tu, mvivu yule. Simu iko vilevile tangu itumbukie kwenye sufuria ya maharage, inawaka lakini haisemi, ndiyo maana namsumbua mzee wa watu. Na Yesaya si unamjua, katibu wa kanisa, anaandika kila kitu kama kikao. Leo nimemwambia andika ninavyosema, usikate, usininyooshee, hata nikikohoa. Amekunja uso. Andika na hilo, Yesaya.

Sasa. Unasema hao wanafunzi wako wa kidato cha pili, sabini na wawili, ukiwaambia waandike habari ya safari wanakuletea: "Mimi niliamka. Mimi nilioga. Mimi nilikunywa chai. Mimi nilipanda gari." Mpaka daftari liishe ni mimi, mimi, mimi. Umewachorea mishale ubaoni, sentensi fupi, sentensi ndefu, anza na wakati, anza na mahali, wakaitikia wote "ndiyo mwalimu", na kesho yake mimi nilioga. Yesaya aliposoma hapo nilicheka. Halafu akasoma kwamba ulienda kulia chooni, nikaacha kucheka.

Mimi shule siijui hata mlango wake unaelekea wapi. Lakini nikitoka sokoni Vwawa huwa nakuambia "nilienda, niliona, nilinunua, nilirudi"? Si utasema mama anaumwa? Mtu anaanzia pale panapomuwasha. Chukua habari ya Jenista jirani yetu. Naweza kuanza na kikapu chake: juu kahawa nyekundu tupu, inang'aa kama shanga, chini mbichi, kijani kabisa, wakati kikundi chetu tumekubaliana hakuna kijani kwenye mashine ya kumenya kahawa. Naweza kuanza na Jairo anayepima: alipokimwaga kile kikapu kwenye turubai aliita watu waje waone. Au naanza na Jenista mwenyewe na mdomo wake, "macho yangu yana ukungu", mwanamke anayemwona kuku wangu kwenye bustani yake akiwa ng'ambo ya mto! Kitu ni kilekile. Lakini ningeanza na "Jenista alienda kwenye mashine", nani angekaa kunisikiliza?

Waulize hao watoto kinachowawasha, halafu uniambie. Na Pili mwambie auze peke yake.

Mimi mama yako.


Kamsamba,
19 Julai 2024

Shikamoo Mama,

Natumaini mguu umepata nafuu na mbuzi anamnyonyesha mtoto wake. Mimi ni mzima, ila joto na mbu, na daftari sabini na mbili mezani.

Mama, barua yako niliisoma darasani. Yote, mpaka Yesaya alivyokunja uso. Nilifikiri, nani huku Kamsamba anamjua Jenista? Nilipofika kwenye kuku wa ng'ambo ya mto, darasa zima lilianguka. Kicheko kilipopungua, mmoja nyuma kule akauliza, "Mwalimu, kumbe inaruhusiwa kuandika hivyo?" Mwaka wa sita huu nafundisha, hakuna aliyewahi kuniuliza kama inaruhusiwa.

Nikawaambia wafunge daftari, wachukue karatasi, waanzie panapowasha. Sitakudanganya, arobaini na kitu waliamka wakaoga wakanywa chai. Lakini Raudha, ambaye baba yake ananunua mpunga huku na kuupeleka Tunduma, aliandika: "Ulipolowa ule mpunga, hata salamu baba aliacha kuitikia." Niliisoma nimesimama, Mama, nikasahau kukaa.

Mkuu wa shule alikuja kwa ajili ya kelele. Akasimama mlangoni akasema, "Mwalimu Tumpale, mtihani wa taifa hauna kuku." Anataka niwape insha moja waikariri wote, wakifika kwenye mtihani wabadilishe kichwa tu. Wenzangu wanafanya hivyo na hawana tatizo. Nilimjibu mbele ya wanafunzi, na sikumjibu vizuri. Sasa hasemi na mimi, anatuma karatasi.

Nimechoka. Nimemwambia Pili anisubiri mpaka mwezi wa nane uishe, nione. Nitumie barua nyingine kama ile.

Mwanao,
Tumpale


Ihanda,
4 Agosti 2024

Tumpale,

Salamu utazipata mwisho kama zitabaki.

Ketrina ni nani? Hujui? Basi nikujulishe mimi ambaye sijasoma. Ketrina anayekaa hosteli hapo shuleni kwako, mrefu, dawati la mbele, ni mjukuu wa Jenista. Watoto sabini na wawili unawafundisha na hujauliza huyu ni wa nani! Mtu wa kwetu akifika mahali anauliza kwanza watu ni wa nani, ndipo anafungua mdomo. Hilo nilikufundisha kabla ya chuo, na bila chaki.

Ameazima simu ya matroni, akapiga kwa Jairo, maana simu ya Jairo ndiyo simu ya kijiji. Jumamosi ya juzi, tuko kwenye mashine, foleni mpaka barabarani, Jairo ana mikono ya maganda ya kahawa, akaiweka simu spika. Mtoto anasimulia, anasimulia mpaka ukungu wa macho. Simu ilipokatika Jenista akapanda juu ya lile turubai: "Jamani, mwenzenu nimefika Kamsamba bila nauli! Kikapu changu kinafundisha kidato cha pili! Muulizeni Mama Tumpale kama mshahara wangu utapitia kwake!" Watu walicheka mpaka Jairo akaacha kupima. Mimi nami, Mungu anisamehe, kicheko kilinitoka. Ndipo nikaona Jenista anafuta macho kwa upande wa khanga.

Na unajua sisi tunachuma kwa zamu, leo kwa huyu, kesho kwa yule, wanawake kumi na mmoja. Zamu yangu ilikuwa Jumatatu yake. Nikapika kande sufuria kubwa ile ya misiba. Nikakaa. Jua likapanda. Wote wamesimama na Jenista, hakuna aliyekuja ila Yesaya, naye alikuja kula. Andika, usitingishe kichwa, ulikula sahani mbili. Kahawa inakauka mtini, imekuwa nyeusi kama kinyesi cha mbuzi, nachuma peke yangu na mguu huu, kikapu kimoja kwa siku.

Mimi nilikupa maneno ya jikoni kwangu uwafungulie watoto wa watu midomo. Hukuuliza. Ungelificha jina tu, Tumpale! Jina moja! Ungesema "mama fulani", kuku si angebaki kuku?

Basi nenda. Nenda Tunduma ukauze vitenge. Kitenge hakisomwi mbele za watu.

Usiniandikie.

Mama.


Kamsamba,
25 Agosti 2024

Shikamoo Mama,

Najua ulisema nisiandike. Habibu, dereva wa lori la mpunga, anapandisha mzigo kesho, nikaona nikiacha apite mikono mitupu sitalala. Mguu unaendeleaje? Kuna aliyekuja kukusaidia kuchuma?

Sikuuliza, ni kweli. Niliyapenda maneno nikamsahau mwenye kikapu.

Ketrina nilimwomba radhi mbele ya darasa, kwa kuwa kosa nililifanya mbele ya darasa. Alisimama. Akasema, "Mwalimu, umemsema vizuri mpaka nikacheka. Lakini ni bibi yangu." Akakaa. Tangu siku hiyo wamenirudishia mimi nilioga, mimi nilikunywa chai. Hata Raudha. Wanajua njia nyingine, naona wanaikwepa, wanaogopa kuandika watu wao nami nikawasomea wengine. Mkuu wa shule amefurahi. Ameshagawa insha ya kukariri, inaanza na "Mimi ni mwanafunzi".

Barua ya kuacha kazi iko hapa mezani, nimeiandika mara nne. Pili anakuja na gari la mzigo Jumamosi hii. Chumba cha duka ameshapata, karibu na mpaka, wateja wa Zambia wanapita mlangoni.

Mama, nataka neno lako moja. Ukisema nibaki nitabaki, nitagombana na mkuu na insha yake, nitawaomba wanafunzi mpaka waniamini. Usiposema kitu, Jumamosi napanda. Habibu anarudi huku Alhamisi. Mpe yeye.

Mwanao,
Tumpale


Ihanda,
Alhamisi, 29 Agosti 2024

Tumpale mwanangu,

Habibu yuko hapo barabarani, lori linanguruma, anasema dakika kumi. Nimempa kande zote zilizobaki atulie. Umeamkaje? Unakula? Mguu wangu usiuulize.

Barua yako nilisomewa Jumanne. Nikasema sijibu. Nilisema kwa sauti, Yesaya alisikia, na ukuta ulisikia. Sasa jana nimekaa namenya mahindi, Yesaya yuko hapa, huyu siku hizi anakaa sana hapa, namwona Jenista anaingia uani. Mwezi mzima hajakanyaga. Hanitazami. Anasema, "Nimemfuata Yesaya." Akakaa amenipa mgongo, akatoa karatasi kifuani, barua ya Ketrina, imekuja na lori lilelile la kwako.

Yesaya akasoma. Tumpale, ungesikia! Mtoto anaanza: "Kabla hujanitumia sabuni, Bibi, sikiliza mbuzi walichonifanyia." Wamemlia kandambili mbuzi wa watu, moja ya kulia, akaenda mstarini na mguu mmoja. Halafu katikati anaandika: "Ulivyosemwa darasani nilitaka kuzama. Hosteli, peke yangu, nikacheka, maana yule kuku ulimwona kweli, Bibi, na mimi nilikuwepo." Jenista akacheka, akampiga Yesaya gotini. Soma tena. Akasoma. Soma tena. Mara tatu! Sauti ilimkauka nikampa maji. Jenista anasema, hasemi na mimi, anasema na mahindi, "Mwaka jana huyu aliandika Bibi mimi mzima, Bibi mimi sina sabuni, basi. Nilijua mtoto wangu hana mdomo."

Halafu akageuka. "Mwanao bado yuko huko?"

Nikasema anaondoka Jumamosi.

"Kwa ajili yangu?"

Ningemwambia nini? Kwa ajili yake, kwa ajili yangu niliyesema nenda, kwa ajili ya huyo mkuu wako na karatasi zake, sijui. Akakunja barua yake, akaondoka, kwaheri hakusema.

Yesaya ananigonga na kalamu, anasema Mama, neno lenyewe, Habibu anaondoka. Mwache aondoke na kande zangu tumboni. Nasema hivi, unajua ni nini kusema na mwanao kwa mkono wa mwanaume mwingine? Hasira yangu ile ya mwezi huu ilipita kwa Yesaya kwanza. Ikamtia aibu yeye kabla haijakufikia wewe. Na nikitaka kukuambia jambo la mama na binti, la ndani, namtazama huyu na miwani yake, nameza. Miaka yote nameza. Ketrina hakumeza. Aliandika mwenyewe, akafunga na gundi, akampa dereva, bibi yake akacheka huku ameninunia. Sasa na wewe hilo la kuwafundisha watoto kuandika wenyewe ndilo unataka kuliacha mezani uende...

Subiri. Nani anaita? Yesaya, chungulia. Jenista? Na nani? Peke yake? Andika anavyosema, andika: "Mama Tumpale! Jua linapanda hili, unakuja tuchume au unaongea na karatasi?" Mwe! Ana kikapu? Ana vikapu viwili? Na mimi sina hata chakula cha kumpa, amekula Habibu. Nakuja, Jenista! Huyo naye anapiga honi ya nini? Khanga yangu iko wapi? Yesaya, mwandikie abaki. Usiongeze kitu. Abaki. Nakuja!