Kwa Senge, Kuhusu Mzee Mukhisa wa Wodi ya Wanaume

Sellah N. Khisa,
S.L.P. 614,
Kitale.

20 Agosti, 2006

Mpendwa Senge Phelista,

Pokea salamu nyingi kutoka hapa Kiminini. Natumaini goti limeacha kukusumbua, na yule mjukuu wako wa Leeds amepona kikohozi. Sisi tu wazima. Mume wangu Khisa alishikwa na homa wiki mbili zilizopita akawa analalamika kama mtoto, lakini sasa ameamka na yuko shambani. Mvua ni nyingi na mahindi yamebeba vizuri.

Senge, barua hii nimeianza mara tatu na mara tatu nimeichana. Kichwa changu kimechanganyika. Wewe ni dada wa baba, na ni wewe uliyenipeleka shule ya wauguzi mwaka wa sabini na nane ukaninunulia viatu vyeupe. Kama siwezi kukuuliza wewe, nitamuuliza nani?

Unajua nilianza masomo tena mwaka jana. Sisi wenye cheti tunaambiwa tupande hadi diploma, la sivyo tutabaki nyuma. Nina miaka arobaini na saba na ninajifunza kushika kompyuta. Anayenisaidia ni Ian, kijana wa miaka ishirini na minne aliyeletwa Januari kuwa mkubwa wa kituo chetu cha afya kwa sababu yeye ana diploma. Ni mtoto mzuri, ana heshima. Lakini siku ya kwanza alipokalia kiti nilichokalia miaka kumi na moja, niliingia stoo nikajifanya nahesabu bendeji.

Halafu mwezi wa Mei akaletwa mama mmoja kutoka shambani, mtoto amekuja na matako mbele. Ian alinivuta kando. “Sista Sellah, hii mimi nimesoma tu. Sijawahi kuishika.” Nikamshika huyo mtoto kwa mikono hii, akatoka, akalia. Nikaona, haya, sasa nani ni nani hapa? Lakini kabla sijamaliza kujisifu moyoni mama akaanza kumwaga damu. Mimi nilikandakanda tumbo nikipiga kelele gari litafutwe. Ian hakupiga kelele. Alichoma dawa, akatundika dripu, akahesabu matone kwa saa yake, damu ikasimama. Zamani zangu mama huyo tungemzika. Tangu siku hiyo sijui nimwonee kijana huyu wivu au nimshukuru.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe. Mwalimu wetu, Bi. Gathoni, alitupa kazi ya kuandika historia ya uuguzi mahali tulipozaliwa, kupitia kwa mtu aliyeiona. Kitabu chetu kinaanza na yule mama Mwingereza na taa yake, kinaruka hadi masista wa misheni, kisha shule za wauguzi, kisha sisi. Nikauliza kwetu nani bado yuko hai aliyefanya kazi hiyo kabla yako. Wakaniambia kuna Mzee Mukhisa, Misikhu, aliyekuwa dresa, yaani wale wanaume wa kufunga vidonda enzi za mkoloni.

Nilimkuta amekaa uani akipukuchua mahindi. Ana miaka themanini na minne, macho yameingia ukungu lakini vidole bado vina akili. Aliniambia aliingia hospitalini mwaka wa arobaini na sita, kaptura ya kaki, miguu mitupu. Hakuna aliyemfundisha darasani. Daktari alifanya, yeye akaangalia, kesho yake akafanya mwenyewe. Siku hizo, alisema, wanawake wa huku walikuwa hawakubaliwi na baba zao kugusa mwili wa mwanamume mgeni, kwa hivyo kazi yote ya wodi ilikuwa ya wanaume. Kuosha, kulisha, kudunga sindano, kukaa na anayekufa. Senge, mimi nilikuwa sijui hata hilo. Nilidhani kazi hii tangu zamani ni ya kina mama.

Nikamtajia jina lako. Akaacha mahindi.

“Ati Phelista ni senge yako?”

“Ndiyo, Mzee.”

“Si mimi ndio nilimwonyesha mshipa! Alikuja na kofia yake nyeupe, macho kwa mkono ya mgonjwa. Nikamwambia, usitafute na macho, tafuta na kidole.”

Senge, hayo ni maneno yako. Umeniambia hayo tangu nikiwa mwanafunzi, lakini ulisema ulifundishwa na sista Mzungu.

Niliandika. Akaendelea mwenyewe. Alisema mwaka wa sitini na nane ilikuja barua kutoka juu kwamba asiyesajiliwa asishike sindano tena. Wewe ndiwe ulikuwa mkubwa wa wodi. Alikuwa katikati ya vitanda na trei yake, wagonjwa wanatazama, ukaja ukaichukua mikononi mwake bila neno. “Hakuniangalia kwa macho,” alisema. Kuanzia hapo hadi alipostaafu alikuwa wa kuosha vyombo vya choo na kusukuma maiti.

Nilikukasirikia, Senge. Nakuambia ukweli. Nilimwona Mzee ni mimi, nikamwona Ian ni wewe. Nikamuuliza Mzee kama haikuwa dhuluma.

Alijipangusa makapi mikononi. Kisha akasema kulikuwa na mtoto, mvulana wa malaria, aliyedungwa vibaya matakoni mwaka mmoja kabla ya barua hiyo. Mguu ukalegea, hakutembea tena sawasawa. “Watu wakasema ni dresa. Tulikuwa dresa watatu hiyo siku. Mimi nilisema sio mimi.” Akaokota hindi, akaliweka chini tena. “Pengine ilikuwa mimi. Hakuna mtu alituonyesha mahali ile mshipa ya mguu inapitia. Sisi tulikuwa tunadunga tu.”

Nilimuuliza kama niache hayo nisiyaandike. Akasema, “Andika yote. Ukiandika tu ile nzuri, hiyo ni ile ya kusomwa kanisani mtu akifa.” Na nilipokuwa naaga akaongeza, “Mwambie Phelista barua ya serikali ilikuwa sawa. Lakini trei ningeiweka chini mimi mwenyewe.”

Basi niliandika kurasa saba. Nilimwita Mukhisa muuguzi. Bi. Gathoni alizirudisha na kalamu nyekundu juu ya neno hilo kila mahali. Alinieleza kwa upole, hata si mtu mbaya: muuguzi ni aliyesoma, akafanya mtihani, akasajiliwa. Tukiruhusu kila mtu ajiite hivyo, alisema, tutakuwa tumerudi kwa yule mtoto wa mguu. Akanipa wiki moja nisahihishe.

Na yeye anasema kweli! Hilo ndilo linaloninyima raha. Mukhisa hakusajiliwa. Lakini miaka ishirini na miwili aliyokaa na wagonjwa nitaiitaje? Na mimi mwenye cheti, ni muuguzi kamili au nusu? Na wewe, Senge, uliyeniandikia kwamba huko Uingereza, pamoja na diploma yako na miaka yako yote, walikuanzisha upya ukiwaogesha wazee miezi minane chini ya msichana wa miaka ya Ian? Miezi hiyo minane ulikuwa nani?

Sikusahihisha. Nilirudisha kazi vile vile, mguu wa mtoto ukiwemo na neno muuguzi likiwemo. Nilipata hamsini na moja, na hamsini ndiyo ya kupita. Ian ameisoma, akaniomba nimpeleke Misikhu. Tulienda Jumamosi iliyopita. Mzee alimshika kiganja, akakipapasa, akamuuliza kama mshipa anautafuta kwa kidole au kwa macho. Ian akasema kwa macho, na wakabaki hapo saa nzima wakishikana mikono kama wachumba. Hata hivyo, mtihani wangu wa diploma ni Novemba na fomu nimeshatia sahihi.

Naomba unijibu, Senge. Ni kweli uliichukua trei? Na kwa nini ulituambia ni sista Mzungu? Kama Mzee amesahau, niambie. Kama hakusahau, niambie vile vile. Upendo wangu kwako hautapungua. Lakini uandike kwa mkono wako, usipige simu. Kwenye simu utacheka, nami nitacheka, kadi itaisha na tutakuwa hatujaongea.

Nisalimie binti yako na mumewe, na huyo mjukuu mkohozi. Khisa anakusalimu, binti yangu Nasike pia; yuko kidato cha nne na anasema hataki kabisa kusikia habari za uuguzi. Kukhu, nyanya yetu, bado anauliza kila Jumapili utarudi lini.

Mungu akulinde katika zamu zako, na wale wazee unaowainua asubuhi wakuletee baraka.

Mimi mpwa wako nikupendaye hata sasa,

Sellah