Chumba cha Pili na Ukili wa Zuhura

Mbeya

Dada yangu Mwanaidi,

Shikamoo. Naitanguliza mapema kabla hujaniuliza kwa nini nimekuwa kimya, maana ukianza kuuliza hunyamazi. Hujambo na hilo goti? Na shemeji naye? Mimi mzima, ila baridi ya huku imenizoea, mimi ndiye sijaizoea. Navaa koti juu ya koti, wateja wananiita Mzee Gunia, na fundi cherehani kuitwa gunia si sifa.

Sasa neno lako. Ulisema Zuhura atasoma sanaa na ubunifu kwa sharti moja, chuo nikichague mimi mjomba wake: hiki cha hapa Mbeya alale kwangu, au kile cha Dar akae bweni. Ukaongeza kwamba mimi ndiye mwenye akili katika ukoo. Hapo nikajua una shida kweli.

Nami moyoni nilikwisha kata shauri. Chumba cha pili nimekipaka chokaa. Jioni nikikaa na cherehani langu nilikuwa namsikia kabisa, mtu wa kwetu, anauliza kwa sauti ya kwetu kama chai imebaki. Basi nikaenda chuoni kama anayekwenda kumalizia tu, na ule ukili wa majani ya mkindu aliousuka Zuhura akanitumia kwa basi nimeutia begani.

Aliyenipokea ni mwalimu wa makamo, Madamu Tumaini, mpole. Akanitembeza. Vijana wamekaa mbele ya kompyuta, wanagusa kidogo tu, rangi zinajimwaga zenyewe kwenye kioo. Nikasimama pale nikasahau umri wangu. Nikajiona mwanafunzi, nimeketi dirishani, na milima yote imesogea karibu kutazama ninachochora. Madamu ndiye aliyeniamsha, akaomba kuona kazi ya mtoto.

Nikaufungua ukili, nikaona haya. Wewe wajua ukili ulivyo kabla haujashonwa mkeka: mkanda tu, mrefu, hauna la kueleza. Na huu ulikuwa na miyaa myeusi, vile vijani vya kusukia, inachomoza hapa, inapotea, inachomoza kule, kama msukaji alikuwa akisinzia. Nikaanza kumwombea radhi, kwamba mtoto bado anajifunza. Ndipo nikakumbuka alivyoniambia kwenye simu: "Mjomba, ukitaka kuutandaza, kunja urudi kila ukikuta mwaa mwekundu."

Tukaulaza sakafuni, Madamu upande huu, mimi upande ule, tunapokezana. Safu zikaongezeka, na ule weusi ukaanza kushikana. Dada, ilikuwa Ngamiani, mtaa wetu mzima. Barabara zetu zile zilizonyooka zikikatana, vibaraza, vichochoro, na kwenye kona ya kwetu kaacha kijidoa cha njano mlangoni. Nikavua viatu, kama anayeingia ndani. Nikapita kwa macho pole pole, nikafika kwa shemeji anapoziba pancha, nikasikia harufu ya mihogo ya kukaanga, na koti likawa zito mwilini kwa joto la kwetu.

Madamu alikuwa kachutama, kidole chake kinafuata barabara.

"Rangi hizi kazitia mwenyewe?"

Nikamwambia kachemsha mwenyewe, na mama yake analilia sufuria lake mpaka leo. Akacheka. Kisha akainuka.

"Mzee wangu, ningependa awe wangu. Lakini hapa hatuna mtambo wa kufuma, wala chumba cha kutilia rangi. Sisi tungemfundisha kuchora mkeka. Huyu anataka mahali pa kuusuka. Mpelekeni Dar."

Nikamwambia kwangu kuna chumba.

"Najua," akasema. "Umekitaja tangu getini."

Hicho ndicho kimya changu, dada. Nilirudi nyumbani nikawa natafuta kasoro ya chuo cha Dar. Nikawapigia simu kuwauliza kama wana mitambo ya kufuma, huku naomba Mungu waseme hawana. Wanayo. Na masufuria ya kutilia rangi wanayo pia, kwa hiyo jikoni kwako kumepona.

Basi nimechagua. Aende Dar. Na usimwambie kwamba mjomba wake alitaka kumzuia kwa chokaa.

Nisalimie shemeji, fundi wa baiskeli zote isipokuwa yake mwenyewe. Nifikishie shikamoo kwa shangazi Bi Saumu huko Kigombe, umwambie dua zake zinafika huku, ila zinafika zimepoa. Ukili naurudisha kwa basi. Mshoneeni, mfuate mwaa mwekundu, na mtu asiupunguze hata kidogo.

Ila na mimi nina sharti langu. Mkeka wa kwanza atakaousuka akiwa chuoni ni wa chumba cha pili. Ile kona ya kwetu aiweke upande wa mlango, ili asubuhi nikifungua, niwe nimeshafika.

Ndimi mdogo wako asiyeishiwa baridi,
Rajabu