Mstari Mmoja wa Ijumaa

Jumatatu, baada ya kula

Ijumaa kipimo kilitoa mstari mmoja tu, yaani sina korona. Nesi wa zahanati akaniambia, "Kaka, umeanza kukohoa jana, huenda bado hakijakuona. Kaa mbali na wazee, Jumatatu urudi tupime tena." Nikamjibu kwamba virusi vinamwogopa mtoto wa Bariadi. Alicheka, nami nikajiona mjanja.

Nikaenda zangu Sapiwi kwa bibi. Akanipa maziwa, tukapokezana kata ileile ya kibuyu kama siku zote.

"Mbona unakohoa, mjukuu wangu?"

Nikamwambia ni vumbi la pamba, nimeshapimwa, mimi mzima kuliko fahali wa babu.

Leo nimerudi kupima. Mistari miwili, na huo wa pili hata kipofu angeuona.

Bibi ana pumu. Jioni nimempigia, akasema kifua kinambana kidogo tu, na kwamba nisiache kula. Sikumwambia. Mdomo wote huu nilionao, halafu...

Nitamwomba shangazi anayekaa naye ampeleke hospitali asubuhi. Ila ni lazima bibi asikie kwangu kwanza, na simu nimeishika tangu nimalize kula.