Maharage ya Chama

Columbus, Ohio
11 Aprili 2021

Mdogo wangu Verlin,

Habari za huko? Kifua cha Mama kinaendeleaje na baridi hii isiyotaka kuondoka? Mimi mzima, ila magoti ndiyo yananikumbusha umri.

Nakuandikia kwa kuwa Mama katukataza kubishana kwenye simu baada ya aibu yetu ya Pasaka. Basi nabishana kwa kalamu. Mpeleke akachanjwe chanjo ya korona. Ana miaka themanini na moja. Nimembembeleza mwenyewe, akanijibu, "Siku Verlin akichanjwa, na mimi nitachanjwa." Neno lako kwake ni Injili.

Unajua kazi yangu ni kusajili vyeti vya vifo. Mwaka jana, kabla ya chanjo, watu wa kata za Warepublican na za Wademocrat walikuwa wakifa karibu sawasawa. Sasa chanjo ipo, na naogopa vyeti vitakavyotoka kwenye kata za Warepublican kama yenu ya Pruitt vitaanza kuzidi. Uchanjwe, Verlin. Hata kama ni kwa kuninyamazisha mimi tu.

Dada yako,
Arlene

Pruitt
2 Mei 2021

Dada Arlene,

Salamu zako zimefika. Mama hajambo, jana kapanda viazi, nami nimekatazwa kugusa jembe kwa sababu eti napinda mistari. Wewe je, bado unakula majani na Wademocrat wenzako?

Hayo mahesabu ya vyeti waachie waliokuajiri. Mimi ni mwenyekiti wa chama hapa. Watu wananitazama hata nikinunua mkate. Siwezi kuonekana nimepanga foleni ya sindano ya serikali, watanila mbichi. Mama naye ni mtu mzima, ana akili zake, simshurutishi.

Njoo tarehe 21 Agosti kwenye maharage ya chama, karamu yetu ya kila mwaka. Masufuria ni yaleyale ya chuma ya enzi za babu, na Mama ndiye mpishi mkuu. Nagombea udiwani Novemba, kwa hiyo utasikia hotuba pia. Utavumilia.

Mdogo wako,
Verlin

Columbus
24 Agosti 2021

Verlin,

Natumaini nyote ni wazima, na safari hii sisemi kwa mazoea.

Sikuja, lakini nimetumiwa video. Umesimama juu ya trela, umepiga kifua, unasema, "Damu yangu ni safi, haijaingia sindano yao na haitaingia!" Watu mia mbili wamebanana hemani, hakuna hata barakoa moja. Na nyuma yako nikamwona Mama na aproni yake, ameweka upawa chini ili apate kukupigia makofi.

Nimeona kinyaa, mdogo wangu. Siyo kwa siasa zako, hizo nilishazizoea. Ni kumfanya mama yetu pambo la hotuba. Mpeleke wiki hii, nakusihi.

Dada yako,
Arlene

Pruitt
19 Septemba 2021

Dada,

Sijui nikuulizeje hali. Huku nyumba imekuwa kubwa.

Siku ya mazishi ulikaa kiti cha nyuma kanisani na barakoa yako, ukaondoka kabla ya chakula. Akina mama walikuwa wamepika, wakaniuliza uko wapi, nikawaambia una safari ndefu. Siku mbili baada ya maharage Mama alianza kukohoa, na wiki mbili baadaye hayupo. Walioketi meza yake wanaumwa saba. Mzee Harlan wa kanisani, aliyeketi karibu naye, amefariki jana.

Kwenye tangazo la kifo chake gazetini niliandika nimonia. Naomba usilifukue. Mimi mwenyewe nilipata mafua ya siku mbili tu, namshukuru Mungu.

Mdogo wako,
Verlin

Columbus
25 Septemba 2021

Verlin,

Pole, na mimi nipe pole. Nala kwa kujilazimisha.

Nina swali moja. Umelala nyumba moja na Mama. Umemlisha supu, umempeleka hospitali kwa gari lenye vioo vilivyofungwa. Una kisukari na kitambi. Yeye kafa, Harlan kafa, wewe mafua ya siku mbili. Nimesoma vyeti vingi mno mwaka huu kuamini ni bahati. Nijibu kweli.

Arlene, dada yako

Pruitt
10 Oktoba 2021

Dada,

Barua hii nimeichana mara tatu.

Nilichanjwa. Mwezi Machi, kabla hata hujaniandikia. Nilivuka mto hadi jimbo jirani la West Virginia, kwenye duka la dawa nisikojulikana, na kofia na miwani ya jua kama mwizi. Daktari wangu alinitisha kuhusu kisukari, nikaogopa. Wiki tatu baadaye nikarudi kwa ya pili.

Nilitaka kumwambia Mama. Lakini Mama hakujua kutunza siri, angemwambia Harlan, na Harlan angeitangaza kanisani. Nikasema nitamwambia uchaguzi ukiisha. Nilidhani muda upo.

Nakuomba kwa jina la Mama, usimwambie mtu. Zimebaki wiki tatu tu.

Mdogo wako,
Verlin

Columbus
16 Oktoba 2021

Verlin,

Siulizi hali yako, naiona.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Wewe umeficha dawa, na kifo kikamchukua aliyekuamini. Nilipomaliza kusoma nilikwenda kunawa mikono. Wiki tatu za nini? Za kiti cha udiwani?

Sitamwambia mtu. Utasema mwenyewe. Wale wagonjwa wa meza ile wana wake na waume nyumbani ambao hawajachanjwa mpaka leo kwa sababu ya damu yako safi. Panda lile trela uwaambie.

Nikupe na hili, kwa kuwa hukuwepo. Usiku ule, hospitali imejaa na watu wakisubiri vitanda, kabla hawajamtia mpira wa kupumulia kooni, muuguzi alimshikia Mama simu tuongee. Hakuzungumzia hali yake. Alisema, "Arlene, usigombane na Verlin. Hajachanjwa, na siku zote hizi yuko karibu yangu. Nikiondoka, waambie kitanda changu wamwekee yeye."

Nilimwahidi. Kisha nikampigia daktari nikamsihi kwa machozi, naye akaandika jina lako kwenye kitanda kile, mbele ya waliokuwa wakisubiri.

Arlene