Bastola Yako na Mlango wa Jikoni

Biryogo, Kigali
9 Oktoba 2025

Mpendwa mjukuu wangu Kenny, mume mwenzangu,

Hujambo huko Texas? Mke wetu Ingrid hajambo? Na kale kadogo, Ihirwe, kameshaota meno au bado kanacheka kama mimi, ufizi mtupu? Sisi wazima. Goti langu huuma mvua ikikaribia, kwa hiyo majirani wananiuliza mimi kabla ya kuanika nguo. Bibi yako Mukunde ananiombea kwa Mungu nipone na ninyamaze. Kwenye goti naona nafuu.

Tiketi uliyonitumia nimeipata, asante. Nimeshanunua koti zito la mtumba. Naambiwa huko ni joto, lakini koti ni zuri, nitalivaa hivyo hivyo.

Sasa nikuambie kilichonifanya nishike kalamu. Ingrid amenipigia simu kwamba unataka kununua bastola, kwa sababu nyumba ya jirani yenu ilivunjwa. Usimgombeze, amemwambia mume mkubwa, ni haki yake. Anaogopa, Kenny, na si mwizi anayemwogopa. Wewe unamjibu kwamba sheria kali za bunduki zinawafunga mikono watu wema tu, mwizi hasomi sheria.

Neno lako si la kijinga. Hapa raia hanunui bastola kama anavyonunua pasi, na bado suruali yangu ya Jumapili iliondoka kwenye kamba mchana kweupe. Tena watu wa umri wangu hatuhitaji kufundishwa kwamba binadamu anaweza kuua bila bunduki. Hilo siliandiki zaidi. Unajua ni akina nani hawapo kwenye picha zetu.

Lakini sikia ya wiki iliyopita. Unamkumbuka Castory, yule fundi cherehani ninayemjua tangu tulipokuwa wakimbizi kwao Karagwe? Tulikuwa tunacheza bao mlangoni kwake, nikamwibia kete. Chache tu, sha! Akapayuka mtaa mzima usikie: "Rutayisire, wewe mwizi tangu Karagwe!" Nikamjibu: "Na wewe suruali zako hupasuka makalio kabla bwana harusi hajafika kanisani!"

Hapo tukasimama. Kenny, nilitaka afe. Nakuandikia kweli, macho yaliingia giza. Mkono ukashika kilichokuwa karibu, kiatu changu, nikakirusha. Kikamkosa, kikatua kwenye sufuria ya maharage ya Scovia, mama lishe wa jirani. Castory naye akanirushia futi yake ya kupimia, ikaninasa shingoni kama tai. Aliyetupiga sawasawa ni Scovia, kwa mwiko, wote wawili. Kesho yake tulikula sambusa pamoja. Kiatu bado kinanukia kitunguu.

Sasa niambie, kama chini ya ile cherehani kungekuwa na hicho unachotaka kununua? Mmoja wetu angekuwa kaburini na mwenzake gerezani, kwa ajili ya kete. Mimi niliishia darasa la nne, siwezi kukuambia sheria kali inapunguza wezi wangapi. Wasomi wabishane, wanalipwa. Ninachojua, hasira yangu siku ile ilikuwa ya muuaji kabisa. Kilichopungua ni chombo.

Na kuna jambo jingine. Unajua sijawahi kupiga hodi maishani mwangu. Mlipokuwa mnakaa hapa Kigali, pale Sonatubes, niliingia kwa mlango wa jikoni, nikawa nanyofoa nyama sufuriani, ukanikuta gizani umeme umekatika. Ukanitandika ufagio wa mgongo huku unaita mwizi! Nilicheka mpaka nikalia. Huko nako nitaingia hivyo hivyo, kwa jikoni, nikifuata nyama. Safari hii utakuwa umeshika nini?

Basi chagua. Chuma kikiingia nyumbani kwako, mimi siji, na tiketi nitakurudishia. Ingrid atanipa jibu, wewe nakujua utanidanganya.

Bibi Mukunde anakusalimu, shangazi yako Médiatrice pia, na Castory anasema umtumie uzi mweusi. Mbusu Ihirwe kwenye ufizi. Mungu awalinde mkilala na mkiamka, na ufagio mwema usikose kando ya mlango wa jikoni.

Ni mimi nikupendaye na kukusumbua,
Babu Rutayisire