Mama Alipokuja Busia

Jumatatu, 5 Mei
Gari la abiria la Tororo limezimika tena kabla ya lami. Mara ya tatu tangu shule ifunguliwe. Tumeshuka, tumesukuma. Kondakta kaniambia mwalimu wa Tanzania asukume kwa Kiswahili sanifu. Watu wamecheka. Mimi sikucheka. Miaka mitatu hapa Nabuyoga, Uganda, na bado ni kichekesho cha njiani.

Jumatano, 7 Mei
Mama ameondoka Singida leo. Hajawahi kuvuka mpaka wowote. Hatujaonana tangu nilipoachana na mume wangu nikaja kufundisha huku. Alisema nimekimbia. Sasa anakuja mwenyewe.
Laini yake haishiki nje ya Tanzania. Tumepatana: Ijumaa, saa moja asubuhi, stendi ya Busia, upande wa Kenya. "Nisipokukuta nageuza," amesema. Namjua. Atageuza kweli.
Mwalimu mkuu ameahidi gari la shule.

Ijumaa, 9 Mei
Gari halikuja. Dereva kalipeleka Lumino tangu jana, harusini kwa shemeji yake. Nimeambiwa alfajiri, nimeshavaa.
Nikampigia Opendi, bodaboda wangu wa siku zote. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha.
"Madam, hii njia ya Masinya imeharibika," akasema. "Tupite Tororo, kwa lami."
"Tororo ni kuzunguka. Pita Masinya."
"Tutateleza, madam."
"Opendi, twende!"
Nilimpigia kelele. Niandike hivyo hivyo. Kila alipopunguza mwendo nilimgonga bega.
Tumeanguka kwenye mteremko. Mimi magoti tu. Yeye pikipiki ilimlalia mguu. Nilisikia mfupa. Hakunilaumu. Alilia kwa lugha yao, akimwita mama yake.
Wakulima walitusaidia kumbeba hadi zahanati. Sikuweza kumwacha peke yake kabla hajapokelewa. Nikatazama saa, nikamtazama yeye, nikamchukia. Kisha nikajichukia.
Nimevuka mpaka saa tano, tope hadi kiunoni. Mama hayupo. Mwanamke anayeuza chapati stendi anamkumbuka: mama mtu mzima, kitenge cha njano, alikataa hata chai. Alisimama muda wote. Amepanda basi la saa nne.

Jumamosi, 10 Mei
Amepiga kwa simu ya abiria mwenzake. Yuko Nairobi. Nikaeleza: gari, mvua, mguu wa Opendi.
"Wewe kila siku una sababu, Rehema."
Simu ikakatika. Au kakata.
Nina hasira na dereva. Na shemeji yake. Na Mama, aliyesafiri siku mbili akashindwa kungoja saa moja zaidi. Lakini kwa njia ya Tororo tungefika saa mbili, na angekuwa bado amesimama pale. Hilo halinitoki.

Jumapili, 18 Mei
Nimekwenda kwa Opendi kwa miguu. Ana plasta hadi pajani. Mkewe, Akoth, alinipa kiti bila kunitazama.
"Madam, mama alifika?" Opendi akauliza.
"Alifika. Akarudi."
"Pole sana."
Yeye ndiye anayenipa pole.
Akoth alikuwa akimenya karanga. Nikasogeza kiti, nikachukua konzi moja. Hakunizuia. Tumemenya mpaka mvua ikatuingiza ndani.